Mpiga Debe Alipogombea Mwenyewe: Umaarufu na Kura za Eastlands

Historia ya watu mashuhuri kuelekeza kura katika Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi ambako serikali ya kikoloni iliwapa makazi wafanyakazi Waafrika, ina vipindi vitatu: kile ambacho msanii aliitumikia dola, kile ambacho wanasiasa waliuazima wimbo wake, na cha sasa, ambacho mtu mashuhuri anajiombea kura mwenyewe.

Kabla ya vipindi hivyo, umaarufu wa kisiasa ulizaliwa ndani ya vyama. Mtaa wa Mbotela, ulio katika eneo bunge la Makadara, ulipewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union aliyeuawa Novemba 1952. Naye Tom Mboya, aliyemshinda wakili Clement Argwings-Kodhek katika uchaguzi wa 1957 na kuwa mwakilishi wa Waafrika wa Nairobi, alikuwa amejijengea jina katika vyama vya wafanyakazi, ambavyo wanachama wake wengi waliishi katika mitaa hiyohiyo.

Baada ya uhuru, redio ilikuwa mali ya serikali, na kwa hiyo aliyetaka kusikika nchi nzima hakuwa na budi kupitia mlango wake. Enzi ya Rais Daniel arap Moi, kwaya zilimsifu kiongozi katika sikukuu za taifa, na mashuhuri miongoni mwazo ilikuwa Muungano, iliyoongozwa na Boniface Mganga, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Voi. Sauti ya upinzani ilipita kwenye kanda za kaseti: mwaka 1990, baada ya vibanda vya Muoroto, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kubomolewa, nyimbo za Kikuyu zilizoomboleza ubomoaji huo zilipigwa ndani ya matatu, na polisi wakawakamata waliokuwa wakiziuza.

Kipindi cha pili kilifunguliwa na stesheni binafsi za FM, zilizoanza kurusha matangazo mwaka 1996 na kuvunja ukiritimba wa redio ya serikali. Mwaka 2002, wimbo "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, wanamuziki wawili waliojitangaza kuwa watu wasiotishika, ulichukuliwa na muungano wa upinzani wa NARC ukawa kama wimbo rasmi wa kampeni zake. Hata hivyo, itakuwa kosa kuuhesabia wimbo huo ushindi wa Mwai Kibaki, mgombea urais wa NARC, aliyepata takriban asilimia 62 ya kura Desemba 27, kwa sababu wapinzani wakuu walikuwa wamekubaliana juu ya mgombea mmoja, jambo lililowashinda mwaka 1992 na 1997. Wimbo uliwapa ujasiri watu ambao tayari walikuwa na sababu ya kuungana.

Kipindi cha tatu kilianzia Makadara kwenyewe. Mahakama Kuu ilipobatilisha ushindi wa ubunge wa Dick Wathika wa 2007, uchaguzi mdogo, yaani ule wa kujaza kiti kimoja kilichoachwa wazi, ulifanyika Septemba 2010. Gidion Mbuvi, maarufu kama Mike Sonko, hakuwa mwanamuziki; jina lake lilikuwa limevuma kutokana na matatu zake, vito vya dhahabu na ukarimu wa hadharani. Akiwa na tiketi ya Narc-Kenya, chama kidogo, alipata kura zaidi ya 19,000, huku Reuben Ndolo wa ODM akipata zaidi ya 17,000 na Wathika wa PNU zaidi ya 16,000. Vyama viwili vikubwa vilivyokuwa vikigawana serikali viligawana pia zaidi ya kura 33,000, na umaarufu ukapenya katikati yao.

Hesabu hiyo inaeleza pia yaliyofuata: umaarufu hufaulu pale vyama vikubwa vinapogawana kura au kimoja kinapoubeba. Mwaka 2017 mwanamuziki Jaguar, yaani Charles Njagua Kanyi, alishinda Starehe kwa tiketi ya Jubilee, chama kilichokuwa na nguvu jijini, lakini mwaka 2022 mwimbaji Bahati alishindwa Mathare na Anthony Oluoch wa ODM, aliyekuwa akikitetea kiti chake. Nchini Uganda, mwanamuziki Bobi Wine aliingia bungeni 2017 kupitia uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki, lakini alipowania urais 2021 alikuwa na chama nyuma yake, naye akatangazwa kupata takriban asilimia 35.

Kwa hiyo, umaarufu humpunguzia mgombea gharama ya kujulikana, ambayo kwa wengine humeza miaka na fedha nyingi, lakini haumpi muungano wala haumfundishi kutawala. Sonko alipanda hadi ugavana wa Nairobi mwaka 2017, kisha Desemba 2020 bunge la kaunti na Seneti vikamwondoa kwa kura za wawakilishi, na katika hesabu hiyo shangwe za mitaani hazikuwa na nafasi.