Miaka ya Kulifunga Goti

Katika miaka ya 1960, vijana wa Busia walianza kubeba abiria kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya forodha, cha Kenya na cha Uganda. Kazi hiyo ya boda boda ilisambaa magharibi yote ya Kenya, ikafika Bungoma na Kitale, na baiskeli ikawa mkombozi wa mama mwenye gunia na mwanafunzi aliyechelewa. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizofikia cc 250. Chuo cha Kibabii cha Bungoma, kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2015, wanafunzi wake walisafiri zaidi kwa boda ya injini kuliko ya kanyagio.

Mwendo ukaongezeka, na majeraha yakabadilika. Bampa ya gari ikimpiga mwendeshaji mguuni, mfupa wa muundi husukumwa nyuma na kano za goti hukatika, pengine mbili au tatu kwa mpigo. Goti likiteguka kabisa, mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma yake unaweza kuchanika, na mguu mzima ukawa hatarini. Mgonjwa akisalimika hapo, safari ndefu ndiyo kwanza inaanza.

Kabla ya hospitali, jeraha la goti lilikuwa la mganga wa mifupa. Hapa kwetu bado yupo: hukanda, huvuta, hufunga kwa vijiti na nguo. Ulaya nako walikuwepo, na madaktari waliwadharau hadi Januari 1867, Sir James Paget, daktari wa upasuaji wa London, alipochapisha mhadhara uliosema kwamba wapo wagonjwa ambao waganga hao huwaponya na madaktari hushindwa. Wengi kati ya wagonjwa hao walikuwa na viungo vilivyokakamaa kwa kupumzishwa mno. Mganga alivikunja kwa nguvu, vikaachia.

Somo hilo halikushika. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, ambaye baba yake alikuwa mganga wa mifupa, alihubiri kinyume: kiungo kilichoumia kipumzishwe kwa lazima, mfululizo na kwa muda mrefu. Gango lake la chuma limeenea dunia nzima, na hata katika wodi za Kenya hutumika kunyoosha paja lililovunjika. Mwaka 1895 Mayo Robson wa Leeds alishona kano za ndani ya goti la mchimba makaa ya mawe. Upasuaji wa kano ulizidi kuboreshwa katika karne iliyofuata, lakini kwa miongo mingi mgonjwa alitoka chumba cha upasuaji akiwa na plasta kuanzia paja hadi kifundo, akaivaa kwa wiki sita au zaidi.

Ndani ya plasta hiyo, kovu lilifanya kazi yake. Nyuzi ngumu zilijaza nafasi za goti, utando wake ukanywea, msuli wa paja ukasinyaa. Kano ilishika vizuri, goti halikukunjika.

Aliyetikisa imani ya kufunga alikuwa Robert Salter wa Toronto, ambaye tangu miaka ya 1970 alionyesha kwa majaribio ya sungura kwamba gegedu la kiungo kinachochezeshwa hupona vizuri kuliko la kiungo kilichofungwa. Wagonjwa nao wakatoa ushahidi. Donald Shelbourne wa Indianapolis aligundua kwamba waliokaidi masharti, wakatembea na kukunja goti kabla ya ruhusa, walikuwa wakipona vizuri. Mwaka 1990 alichapisha mpango wa mazoezi ya mapema, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaonya kwamba kupasua goti ambalo bado limevimba huongeza hatari ya kukakamaa.

Kwa mtu wa Kibabii, digrii za goti zina bei. Kutembea kwenye tambarare kunahitaji kama 65, lakini kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunahitaji zaidi ya 110. Kupiga magoti misani, kukanyaga baiskeli na kupanda ngazi za hosteli, yote yanadai goti linalokunjika. Mwendeshaji wa boda hubadilisha gia kwa mguu wa kushoto na kufunga breki ya nyuma kwa wa kulia. Goti lolote likikataa, riziki imekatika. Mazoezi nayo hudai kurudi kliniki tena na tena, na kutoka Kitale hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ni karibu kilomita 70 kwenda tu.

Goti lililobaki gumu baada ya miezi kadhaa ya mazoezi linaweza kukunjwa na daktari mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, au kovu likakatwa kwa vifaa vyembamba vyenye kamera. Ila kwa goti lililokatika kano kadhaa, mabishano hayajaisha. Likichezeshwa mapema mno, kano mpya hulegea; likifungwa mno, hukakamaa. Hata tarehe ya upasuaji ni mvutano: wapo madaktari wanaopasua ndani ya wiki tatu kabla kano hazijanywea, na wapo wanaosubiri uvimbe uishe na goti lianze kukunjika, wakijua kwamba huenda wakalazimika kuweka kano mpya badala ya kushona za zamani.