Kabla ya kulipia umeme wa upepo, fahamu unachouziwa

FAMILIA inayohamia Marekani au Uingereza hukutana na swali ambalo kampuni ya umeme nchini Kenya haijawahi kuiuliza: je, ungependa stima ya nyumba yako itokane na upepo na jua, au ile ya kawaida inatosha?

Swali lenyewe aghalabu huwa limeandikwa kwa herufi ndogo katika fomu ya kuomba huduma, na kando yake pana kisanduku cha kutiwa alama. Anayekitia alama hukubali kulipa zaidi kidogo kila mwezi. Asiyekitia huendelea na umeme uleule unaotumiwa na majirani.

Ni rahisi kwa mgeni aliyechoka na safari kukipita kisanduku hicho, au kukitia alama kwa nia njema tu. Vyovyote atakavyofanya, ni pesa zake za miaka kadhaa, na kinachouzwa hapo sicho ambacho wengi hudhani.

La kwanza la kufahamika ni kwamba hakuna waya maalumu unaotoka kwenye mashamba ya upepo hadi sebuleni kwa mteja. Mkazi wa Nairobi anapofungua mfereji hawezi kujua iwapo maji yanayojaza sufuria yake yametoka bwawa la Ndakaini au la Sasumua, kwa sababu yote yameshachanganyika njiani. Umeme nao ni vivyo hivyo. Ule wa upepo, wa makaa ya mawe, wa gesi na wa nyuklia huingia katika gridi moja na kutumiwa na wote.

Kinachobadilika ni hesabu. Kampuni humwahidi mteja kwamba kwa kila uniti atakayotumia, uniti nyingine iliyozalishwa kwa kawi jadidifu, yaani ile isiyokwisha, itakuwa imenunuliwa kwa jina lake. Ubora wote wa mpango hutegemea ahadi hiyo ina uzito gani.

Mipango ya aina hii ilianza kwa unyenyekevu. Katika mji wa Sacramento, California, kampuni ya umeme inayomilikiwa na umma ilianza mwaka wa 1993 kufunga paneli za jua kwenye mapaa ya wateja waliojitolea. Paneli zilikuwa mali ya kampuni, umeme ulikwenda kwenye gridi, na mwenye nyumba alilipa ada ya ziada kila mwezi kwa heshima ya kuzibeba tu!

Mnamo 1996, mji mdogo wa Traverse City katika jimbo la Michigan ulisimamisha mtambo mmoja wa upepo wenye uwezo wa kilowati 600. Gharama yake ilibebwa na wakazi waliokubali kuongezewa senti 1.58 za Marekani kwa kila uniti. Mwaka uliofuata, mpango wa Windsource ulizinduliwa Colorado, ambapo fungu la uniti 100 za upepo liliuzwa kwa nyongeza ya dola 2.50.

Katika yote hayo, mteja alikuwa mfadhili. Alilipa zaidi, na hakutarajia kurejeshewa chochote.

Mji wa Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, ndio uliogeuza hesabu hiyo. Kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu kila Mkenya anayenunua tokeni anaweza kukielewa bila kufafanuliwa.

Bili ya umeme ya Austin ilikuwa na sehemu mbili kuu. Moja ilikuwa bei ya msingi, na ya pili ada ya mafuta iliyopanda na kushuka kwa kufuata bei ya gesi asilia na mafuta mengine yanayoendesha mitambo. Nchini Kenya pia bili huwa na ada ya mafuta, ambayo hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA), na wananchi wameilalamikia kwa miaka mingi.

Kampuni ya Austin Energy, inayomilikiwa na mji wenyewe, ilipoanzisha mpango wake wa GreenChoice mwanzoni mwa muongo wa 2000, haikuongeza ada juu ya bili ya zamani. Iliiondoa ada ya mafuta na kuweka mahali pake ada ya upepo. Upepo haununuliwi. Mtambo ukishasimama magharibi mwa Texas, gharama yake inajulikana hata kwa miaka 10 ijayo, hivyo ada hiyo ingeweza kufungwa kwa muda wote huo bila kampuni kupata hasara.

Wateja wa fungu la kwanza walifungiwa ada hiyo kwa senti 1.7 kwa kila uniti. Siku walipotia sahihi walikuwa wakilipa zaidi ya majirani zao. Kisha bei ya gesi ikapanda katika majira ya baridi ya 2000 na 2001, na ikapaa tena mwaka wa 2005 baada ya vimbunga Katrina na Rita kuharibu visima vya Ghuba ya Mexico. Kufikia 2006, ada ya kawaida ya mafuta mjini Austin ilikuwa imepita senti 3.

Nyumba iliyotumia uniti 1,000 kwa mwezi ililipa dola 17 kwa ada ya upepo, ilhali jirani asiyejiunga alilipa zaidi ya dola 30 kwa ada ya mafuta. Waliodhani wanatoa sadaka wakajikuta wamenunua bima.

Habari zilipoenea, maombi yalizidi umeme uliokuwepo. Mwaka huo wa 2006 kampuni ililazimika kupiga kura ya bahati nasibu ili kuamua nani apewe nafasi zilizosalia.

Lakini kisa hakikuishia kwenye sherehe. Fungu lililotolewa mwaka wa 2009 lilitangazwa kwa bei iliyozidi maradufu ya ada ya kawaida ya mafuta. Nyaya za kusafirisha umeme kutoka magharibi mwa Texas zilikuwa zimeelemewa na gharama ya usafirishaji ikapanda, huku gesi ikianza kuporomoka bei kufuatia uchimbaji wa mbinu mpya katika miamba. Wanunuzi walikuwa haba.

Jina la mpango lilikuwa lilelile, kampuni ileile, na upepo uleule. Kilichotofautisha aliyefaidi na aliyekwepa ni masharti mawili: iwapo ada ya upepo inaondoa ile ya mafuta au inaongezwa juu yake, na imefungwa kwa muda gani. Hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza, kabla hata ya kutazama picha nzuri za mitambo katika kijitabu cha matangazo.

Swali linalofuata linahusu vyeti. Nchini Marekani, kila uniti 1,000 za kawi jadidifu zinapozalishwa hutolewa cheti kimoja, na mwenye cheti ndiye pekee mwenye haki ya kudai kwamba ametumia umeme huo. Cheti kinaweza kuuzwa mbali na umeme wenyewe. Hapo ndipo penye ujanja.

Kampuni inaweza kununua umeme wa makaa ya mawe sokoni, ikanunua pia vyeti vya bei poa kutoka bwawa lililojengwa miongo mingi iliyopita, kisha ikauza bidhaa hiyo kama umeme safi. Haijavunja sheria. Ila pesa ya mteja haijajenga chochote ambacho hakingekuwepo.

Kioja kikubwa zaidi kiko Norway. Nchi hiyo huzalisha karibu umeme wake wote kwa maporomoko ya maji. Hata hivyo, wazalishaji wake huuza vyeti vingi kwa wanunuzi wa mataifa mengine ya Ulaya. Kwa sababu hiyo, Mnorway ambaye hakununua mpango wenye vyeti huambiwa katika tangazo rasmi la kila mwaka kwamba sehemu kubwa ya umeme wake, kwa hesabu ya karatasi, ni ya makaa ya mawe, gesi na nyuklia. Anaishi kando ya bwawa, lakini bwawa limeshauzwa Ujerumani.

Uingereza nayo iliona haja ya kutenganisha pumba na mchele. Bei ya juu ya umeme wa nyumbani ilipowekewa kikomo mwaka wa 2019, msimamizi wa sekta hiyo, Ofgem, aliziruhusu kampuni tatu tu, Ecotricity, Good Energy na Green Energy UK, kukivuka kikomo hicho katika mipango yao ya kawi jadidifu. Zilikuwa zimethibitisha kwamba zinagharamika zaidi kwa kusaidia uzalishaji wa kawi hiyo. Wauzaji wengine wengi waliotangaza umeme safi hawakupata ruhusa hiyo.

Kwa mteja aliye Marekani, msaada mmoja wa haraka ni nembo ya Green-e. Hutolewa na shirika lisilo la kibiashara la Center for Resource Solutions la San Francisco, ambalo tangu 1997 hukagua kwamba cheti kimoja hakiuzwi kwa watu wawili na kwamba mitambo husika si ya zama za kale. Nembo hiyo haimhakikishii mtu bei nafuu. Inamhakikishia tu kwamba hakuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wakenya wanaoishi Dallas na Houston wana hali ya pekee. Tangu Januari 2002, wakazi wa miji hiyo hujichagulia muuzaji wa umeme kati ya makampuni mengi, tofauti na wale wa Austin na San Antonio ambako kampuni ya mji ndiyo pekee. Sheria ya Texas humlazimu kila muuzaji kutoa lebo ya maelezo inayoonyesha bei ya wastani kwa nyumba inayotumia uniti 500, 1,000 na 2,000, muda wa mkataba, faini ya kuuvunja na asilimia ya kawi jadidifu.

Lebo hiyo isomwe yote. Ipo mipango ambayo bei yake huonekana ya chini mno kwenye uniti 1,000 kwa sababu muuzaji hutoa punguzo mteja akifikia kiwango hicho. Akitumia 950 hakosi punguzo kidogo, hulikosa lote. Mpangaji wa chumba kimoja asiyefikisha uniti 600 katika miezi mingi hana biashara na mpango wa aina hiyo, uwe wa upepo au wa gesi.

Aidha, asilimia 100 ya kawi jadidifu haimaanishi bei tulivu. Dhoruba ya baridi ilipoikumba Texas mnamo Februari 2021, bei ya jumla sokoni ilifika dola 9 kwa uniti moja. Nyumba ambazo mikataba yao ilifuata bei ya soko ya kila saa zilipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Waliokuwa na bei iliyofungwa waliumia kwa giza na baridi tu, jambo ambalo nalo si dogo.

Kwa wapangaji wa fleti wasio na paa la kuwekea paneli, Minnesota ilipitisha sheria mwaka wa 2013 inayomruhusu mteja kununua hisa katika shamba la paneli za jua lililo mahali pengine, na mapato ya hisa hiyo yakapunguzwa kwenye bili yake. Akihama mtaa, haibebi paneli mgongoni.

Nchini Kenya, kisanduku cha kutia alama hakipo. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango wa kuwa na wasambazaji na wauzaji zaidi, lakini mteja wa kawaida aliyeunganishwa kwenye gridi bado huuziwa na Kenya Power.

Ajabu ni kwamba mteja huyo tayari hutumia umeme safi kuliko wengi wanaoulipia zaidi ughaibuni. Takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na kawi jadidifu: mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, mitambo 365 ya upepo huko Loiyangalani yenye uwezo wa megawati 310, na paneli za jua za Garissa.

Hata hivyo, ada ya mafuta haijamwondokea. Inaletwa na mitambo ya dizeli kama ile ya Kipevu, Mombasa, ambayo huwashwa hasa jioni matumizi yanapopanda au mvua inapokosekana. Mkenya hana njia ya kuikimbia kwa mkataba, kama walivyoikimbia wakazi wa Austin. Anachoweza ni kupunguza uniti anazonunua.

Njia iliyopo ni ya paa lake mwenyewe. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2024 zinamruhusu mwenye paneli kuingiza ziada yake kwenye gridi kupitia mita inayohesabu pande zote mbili, baada ya kuomba na kukubaliwa na Kenya Power. Halipwi pesa taslimu. Hupewa salio la uniti, tena kwa nusu: akiingiza uniti 100, huhesabiwa 50.

Kiwango hicho ndicho kinachopaswa kuamua ukubwa wa paneli. Nyumba yenye duka la barafu, cherehani za umeme au mashine ya kusaga inayonguruma tangu asubuhi hutumia umeme wa jua papo hapo na kuokoa bei kamili ya kila uniti. Ile ambayo wenyewe hushinda kazini na kurejea magharibi itautoa umeme wake mwingi mchana kwa nusu bei, kisha iununue usiku kwa bei kamili pamoja na ada ya mafuta. Kwa familia hiyo, paneli chache zenye betri ya kuwasha taa na runinga jioni huenda zikaifaa kuliko paa zima linalong'aa.