Maandamano na Uhuru wa Kusema: Upande wa Dini na Upande wa Sheria

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazazi wa Unguja na Pemba wanatuuliza suala moja mara kwa mara: kijana wangu anataka kwenda kwenye maandamano, je, ni haki yake au ni kosa? Na je, lazima kibali? Tumeona tulieleze kwa pande zote mbili, ili familia ikikaa kushauriana iwe na la kutegemea.

Mwenye haki ana la kusema

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyekuja kumdai Mtume (S.A.W.) deni lake kwa maneno makali. Masahaba walitaka kumkabili. Mtume akawazuia, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamrisha alipwe ngamia bora kuliko aliyekuwa akimdai. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, aliyedhulumiwa ametolewa kwenye katazo la kutangaza maneno mabaya. Basi kudai haki si utovu wa adabu. Kilichoharamishwa ni uongo, na pia tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi (Al-Hujurat, aya ya 6).

Ama maandamano yenyewe, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Sheikh Ibn Baz aliyakataza kwa kuchelea fitna. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliyaruhusu yakiwa ya amani na ya kudai haki. Hili ni suala la ijtihadi. Tusiitane wapotofu misikitini kwa ajili yake.

Katiba inasemaje

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda uhuru wa maoni katika kifungu cha 18 na uhuru wa kukusanyika katika kifungu cha 20. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inazitaja haki hizo katika ibara za 18 na 20. Zote mbili zinaruhusu mipaka kwa ajili ya usalama na haki za wengine.

Si kibali, ni taarifa

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Zamani ilihitajika ruhusa. Mwaka 1994, katika kesi aliyoifungua Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kuwa sharti la kibali linapingana na Katiba. Baadaye sheria ikabadilishwa, na leo inataka taarifa. Na kwa kuwa Polisi ni jambo la Muungano, utaratibu huu unatuhusu na sisi visiwani:

- Taarifa iwe ya maandishi, ipelekwe kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo si chini ya saa 48 kabla.
- Itaje mahali, wakati na madhumuni.
- Mkusanyiko unaweza kuendelea mpaka Polisi watoe amri ya kuuzuia.
- Amri hiyo iwe na sababu: kuchelea uvunjifu wa amani, hatari kwa usalama wa umma, au lengo lisilo halali.
- Asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa Waziri.

Hata hivyo, yaliyoandikwa na yanayotokea huweza kupishana. Mikutano ya hadhara ya kisiasa ilizuiwa mwaka 2016, na katazo hilo likaondolewa Januari 2023. Na hakuna mtu mzima wa Pemba aliyeisahau tarehe 27 Januari 2001, siku ya maandamano yaliyofuatia uchaguzi wa 2000, ambapo roho za watu zilipotea. Muafaka ulitiwa saini Oktoba mwaka huo huo, lakini waliokufa hawakurudi.

Nasaha zetu

Mzazi, kabla ya kumwambia mwanao nenda au usiende, muulize: taarifa imepelekwa? Kuna amri ya kuzuia? Njia ipi itapitwa, na watasema nini? Ikiwa amri imetoka, rai yetu ni asiende, ila waandalizi wafuate rufaa na mahakama. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Akienda kwa utaratibu, akumbuke haki za njia alizotufundisha Mtume (S.A.W.), na miongoni mwake ni kuzuia maudhi: asirushe jiwe, asitukane, asifunge njia ya mgonjwa, asiharibu duka la mtu.

Na wenye mamlaka nao tunawanasihi. Kumzuia mtu kudai haki yake pasi na sababu ya kisheria ni dhulma, na silaha ni amana. Kila mchunga ataulizwa kwa alichokichunga.

Wallahu a'alam.