Mara: Sanaa Iliyokuwa Tiba, Leo Burudani ya Mgeni Rasmi

Mwaka 2026 unagawanyika kwa mbili, na kwa watu wa Tarime, Serengeti na Butiama hilo si suala la hesabu tu. Kwa desturi ya koo nyingi za Wakurya, misimu mikubwa ya ukeketaji huangukia miaka ya shufwa, mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Ndiyo miezi ambayo wasichana hutoroka nyumbani usiku wakakimbilia polisi, kanisani, au kwenye vituo vinavyojulikana: Masanga kule Tarime, Jipe Moyo mjini Musoma, na nyumba salama za Mugumu na Butiama zinazoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women lililoanzishwa na Rhobi Samwelly mwaka 2017.

Aliyewahi kuhudhuria mahafali ya kambi za namna hiyo anajua ratiba ilivyo. Zinaanza nyimbo, inafuata ngonjera, halafu igizo lenye baba mkali, mama aliyeshikwa katikati na ngariba mwenye kibuyu. Mgeni rasmi anapiga makofi, anatoa vyeti na hotuba, picha ya pamoja inapigwa, magari yanaondoka. Ujumbe umefika. Ila sijasikia mtu jukwaani akiuliza wimbo ule umemfanyia nini msichana aliyeuimba, ambaye wiki tatu nyuma alilala porini akimkimbia baba yake mzazi.

Zamani swali hilo liliulizwa huku kwetu, tena kabla Ulaya haijalipatia jina.

Jina lilikuja mwaka 1942. Mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, akiwa ametoka kuugua kifua kikuu, aliona kwamba kalamu na rangi vilimsaidia pale ambapo dawa ziliishia, akaanza kuwashawishi wagonjwa wenzake nao wachore. Akaiita kazi hiyo tiba kwa sanaa, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu yake. Mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, Edward Adamson akawa anachora na wagonjwa wa akili katika hospitali ya Netherne. Wataalamu duniani kote huanzia hadithi yao hapo, na sioni ubaya. Ila anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria ana haki ya kuanzia mapema zaidi.

Chukua nyatiti ya Wajaluo wa Rorya: nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga ubao wa chombo, njuga mguuni. Mpigaji alialikwa msibani si kwa kuchangamsha watu. Kazi yake ilikuwa kumtaja marehemu, ukoo wake, ng'ombe wake na vituko vyake, mpaka wafiwa walie na wacheke hapohapo. Wakurya nao wana litungu, zeze lao kubwa lenye sauti nzito. Na kwa mtu aliyepatwa na juogi, yaani roho zinazomkalia mtu zikamvuruga akili, Wajaluo walimwendea ajuoga, naye alitikisa kayamba la kibuyu na kuimba mpaka roho ijitaje yenyewe.

Aliyeyachukulia mambo haya kwa uzito, akayaandika kwa lugha ya wakubwa, ni mzungu mmoja wa ajabu kidogo. Hans Koritschoner alizaliwa Austria, akaja Tanganyika, baadaye akajiita Hans Cory na kuajiriwa na serikali ya kikoloni kama mtaalamu wa mambo ya jamii. Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa wilaya yake kabla Mara haijawa mkoa, alilijua kama kiganja cha mkono wake. Mwaka 1947 aliandika juu ya umiliki wa ardhi Ukuryani. Mwaka 1953 alichapisha London kitabu kizima cha michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma, ambao walichora nyoka na mizimu ndani ya nyumba walimowafundishia wanachama wapya. Mwaka 1956 akatoa kingine juu ya vinyago vya udongo vya unyagoni, ambavyo kila kimoja kilikuwa na wimbo wake na funzo lake. Nyaraka zake leo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini kazi yake inayotuhusu hapa ni makala ya mwaka 1936, katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza. Aliipa jina la Kiswahili, Ngoma ya Sheitani, kisha akaongeza maelezo ya Kiingereza kwamba hiyo ni tiba ya wenyeji wa Afrika Mashariki kwa maradhi ya nafsi. Tiba! Mwaka 1936!

Kuona uzito wa neno hilo, kumbuka hali ya wakati ule. Serikali ilikuwa na sheria yake ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo mkuu wa wilaya asiye na subira angeweza kuitazamia kila mganga mwenye ngoma. Wamisionari, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliihesabu ngoma ya pepo kuwa ibada ya shetani, na Mkristo aliyeonekana kilingeni alijiweka hatarini kutengwa na kanisa. Madaktari nao walikuwa na hospitali ya vichaa: Lutindi huko Usambara, iliyoanza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani na miaka michache baadaye ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha Mirembe ya Dodoma tangu mwaka 1927. Katikati ya makundi haya matatu anatokea Koritschoner anasema kile kinachofanyika usiku kwenye ubani na ngoma ni matibabu yenye utaratibu.

Na utaratibu ulikuwepo, kama anavyojua yeyote aliyekulia Pwani, ambako ngoma hizi zilishika mizizi kabla ya kusafiri bara. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke, haongei, halali, au anaanguka ovyo. Mganga hamwambii ana ugonjwa gani. Anafukiza ubani, anaanza kupiga. Mdundo wa kwanza unapita hivihivi, wa pili hivyohivyo. Unakuja mmoja, bega la mgonjwa linatikisika. Hapo wapigaji hawaachi tena, kila mtu kilingeni anaitikia, mpaka pepo apande kichwani na aseme kwa kinywa cha mgonjwa: mimi ni fulani, nimekasirishwa na jambo fulani, nataka kadhaa. Mume yuko palepale anasikiliza. Mama mkwe yuko palepale. Maneno ambayo mke huyu asingethubutu kuyasema mezani yanasemwa na pepo, na hakuna wa kubishana na pepo. Siku chache za ngoma zikiisha, mgonjwa anakuwa mmoja wa wanachama, naye siku moja atamwimbia mwingine.

Simtetei kila mganga, maana matapeli walikuwepo na wapo, na wapo wagonjwa waliocheleweshewa dawa hospitalini kwa sababu ya kilinge. Lakini yaangalie mambo matatu yaliyomo. Mgonjwa anasema mwenyewe, shida yake inapata jina, na kundi zima linaitikia. Kumbuka hayo matatu tunapokwenda Shirati.

Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati, karibu na mpaka wa Kenya, mwaka 1934. Ngoma hawakuitaka. Miaka minane baadaye, mwaka 1942, mwaka uleule wa Adrian Hill, Uamsho uliokuwa umewaka Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda ukafika Shirati. Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, alilisimulia tukio hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1984. Mtu yeyote anayetaka kuijua Mara ya enzi hizo akitafute kitabu hicho. Kwa Kisare, Uamsho ndio siku ukuta ulipoanguka kati ya mzungu na mwafrika na kati ya kabila na kabila, watu walipoungamana hadharani.

Walokole, kama walivyoitwa watu wa Uamsho, wangeudhika kulinganishwa na kilinge, lakini tazama umbo la mkutano wao. Mtu anasimama, anataja kwa jina kinachomtesa, iwe wivu, wizi au chuki dhidi ya mmisionari. Akimaliza, mkutano wote unapasuka kwa kiitikio, Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao wengi Shirati waliuimba bila kukijua Kiganda. Anakumbatiwa. Kanisa lililoifukuza ngoma mlangoni lilikuwa limeipokea kazi yake kwa dirishani.

Baada ya Uhuru mambo yalienda mbio. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ngoma zikapata heshima waliyonyimwa babu zetu. Heshima hiyo ilikuwa na bei yake. Vikundi vilianza kutunga nyimbo za Chama, za Azimio, za kumpokea kiongozi uwanjani, na aliyekuwa akiimba kwa ajili ya shida yake akawa anaimba kwa ajili ya mgeni. Mwalimu mwenyewe, ni haki kusema, hakuacha kuitumia sanaa kwa ajili ya roho yake: aliigeuza Injili kuwa tenzi, kazi iliyochapishwa mwaka 1996.

Waliojaribu kulirudisha neno kwa mwenye shida walitoka Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakaa na wanakijiji, wakawaacha wachague kero zao wenyewe na waziigize kwa ngoma na michezo yao. Mwaka 1996 mbinu hiyo ikaingia shule za sekondari kwa jina la Tuseme: wasichana wanachambua wenyewe kinachowasumbua, wanakiigiza, wanawakabili walimu na wazazi. Igizo halitoki kwa mfadhili wala kwa mwalimu mkuu. Baadaye Tuseme ilivuka mipaka ikaenea nchi nyingi za Afrika.

Ng'ambo ya ziwa, Kagera, UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa HUMULIZA ulianza Nshamba, Muleba, ukiwafundisha walimu namna ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa, kupitia michoro, michezo na masimulizi. Vijana wakaunda chama chao wakakiita Vijana Simama Imara. Kutokana na uzoefu wa namna hiyo ukakua mtandao wa REPSSI, na ndani yake Ncazelo Ncube wa Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough wa Australia, akabuni Mti wa Maisha. Mtoto hupewa karatasi na rangi. Kwenye mizizi anaandika alikotoka, kwenye ardhi anaandika anachofanya kila siku, shina ni uwezo wake, matawi ni matumaini, majani ni watu wake, waliopo na waliokufa. Miti yote hubandikwa ukutani ikawa msitu, na hapo ndipo dhoruba huzungumzwa, mtoto akiwa ameshaona kwamba ana mizizi. Karatasi moja na kalamu za rangi, basi. Gharama iko kwa mtu mzima aliyefundishwa, anayejua wapi pa kuuliza na wapi pa kunyamaza, kwa sababu mtoto anaweza kuchora jambo ambalo asiyejua kazi atalifungua akashindwa kulifunga.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ilikubali kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia na kutibu maradhi. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Musoma sasa ina hospitali ya rufaa ya mkoa yenye jina la Mwalimu pale Kwangwa, jengo lililosimama bila kwisha kwa miongo kadhaa mpaka likawa kichekesho. Ukeketaji nao unapungua: kwa takwimu za kitaifa, Mara ilikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, ikashuka hadi 28 mwaka 2022. Sheria ya mwaka 1998 inayomlinda msichana aliye chini ya miaka 18 imesaidia, na vituo vimesaidia zaidi. Ila maumivu ya waliokwisha kukeketwa, na ya waliookolewa wakapoteza wazazi kwa siku moja, hayaonekani ndani ya asilimia hizo.

Sizilaumu nyumba salama. Zinalisha, zinasomesha, zinafundisha cherehani, tena kwa fedha za kuungaunga. Lawama yangu inatuelekea sisi tunaokaa viti vya mbele siku ya mahafali. Nyimbo tunazozipenda ni zile zinazomwambia ngariba aweke kisu chini na kuishukuru serikali. Ni nyimbo nzuri za kampeni, lakini mwimbaji hayumo ndani yake.

Halmashauri za Tarime, Serengeti, Musoma na Butiama zina maofisa ustawi wa jamii, maofisa utamaduni, na kila mwaka zina bajeti. Kabla Desemba haijafika, ziwakutanishe maofisa hao wawili, ziwapeleke wakafundishwe, kisha zitenge fungu dogo la rangi, karatasi na ngoma kwa kila kituo kinachopokea wasichana. Na waheshimiwa mnaoalikwa kufunga kambi, ombeni ratiba ipunguzwe: igizo la wageni liwe moja, na siku zilizobaki wasichana waigize yao, mlango ukiwa umefungwa.