Mapigo Yasiyo na Mpangilio: Kutoka Kijijini hadi Mulago

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, lilifunguliwa mwaka 1971. Liko karibu na vituo vya teksi na mabasi, hivyo wagonjwa wengi wanaokwenda hospitali ya Mulago hushukia hapa. Insha hii inauliza: kwa nini matibabu ya moyo unaopiga bila mpangilio yamebaki kuwa safari ya mjini?

Mwaka 1948 Jack Davies, mtaalamu wa patholojia Kampala, alieleza ugonjwa unaoacha makovu ndani ya moyo. Ugonjwa huo, pamoja na ule wa vali unaoletwa na homa ya rumatiki, hutanua vyumba vya juu vya moyo hadi mapigo yanavurugika. Damu inayotuama humo huganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi.

Daktari wa kijijini alikuwa na vidole, saa na kifaa cha kusikilizia. Akihesabu mapigo mengi kifuani kuliko mkononi, alishuku tatizo. Digoksini, iliyotokana na mmea wa jamii moja na ule ambao William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, ilipunguza kasi ya moyo. Lakini haizuii damu kuganda. Wafarini huzuia, ila inadai damu ipimwe mara kwa mara, na maabara iko mbali. Bila kipimo, dawa inayookoa inaweza kumtoa mgonjwa damu hadi kufa. Hata mboga za majani zinazojaa Owino, mtu akizila nyingi leo na kuziacha kesho, hubadili nguvu yake.

Vidonge vipya visivyohitaji kipimo vilileta matumaini. Hata hivyo, mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24, ulionyesha kwamba wagonjwa wa moyo wa rumatiki waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Safari ya maabara haijafutwa.

Jibu langu ni kwamba tumeanza kutibu tukiwa tumechelewa. Utafiti wa kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2021, ulifuatilia watoto wenye dalili za awali za ugonjwa wa rumatiki katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 waliochomwa penisilini kila wiki nne, na kwa 33 wasiochomwa. Sindano hiyo inaweza kutolewa kwenye kituo cha afya kijijini. Mtoto aliyeipata mapema huenda siku moja akashuka Owino kununua nguo tu.