Bati Jipya la Dunia

Huku Lusewa ukitaja barafu, watu wanafikiria zile za ukwaju zinazogandishwa kwenye friji. Kwa hiyo nikisema Aktiki imepata joto kwa kasi karibu mara 4 ya wastani wa dunia tangu 1979, maswali yanakuja yenyewe: kwa nini huko kwenye baridi, na sisi inatuhusu nini?

Swali la kwanza lina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1896 Svante Arrhenius, mwanasayansi wa Sweden, alichapisha hesabu alizopiga kwa mkono: hewa ya ukaa ikiongezeka angani, joto litapanda kiasi gani? Akapata kwamba ikifika maradufu, joto lingepanda nyuzi 5 hadi 6, na kuelekea ncha za dunia lingepanda zaidi kuliko Ikweta. Tarakimu zake zilikuwa juu kidogo, mwelekeo aliupatia. Wala hakuogopa, aliona joto la ziada ni neema. Kwa baridi ya kwao, namwelewa.

Sababu mojawapo kila mwenye nyumba hapa anaijua. Bati jipya linarudisha jua, ukilitazama mchana macho yanauma. Likishika kutu linalinywa jua lote, na ndani panakuwa tanuri. Barafu ya bahari ndiyo bati jipya la dunia. Ikiyeyuka, bahari nyeusi iliyokuwa chini yake inafyonza jua, inapata joto, inayeyusha barafu nyingine. Halafu hewa yenye joto kule haipandi juu sana kama ya kwetu. Inabaki chini, karibu na uso wa bahari.

Sisi hukimbilia mfano wa Kilimanjaro, ambayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Mfano huo unapotosha kidogo: kule juu, ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya vimechangia sana.

Inayotuhusu hasa ni Greenland. Rundo lake la barafu ni zito kiasi kwamba linavuta bahari upande wake. Likipungua, mvuto unalegea: maji yanashuka pwani ya Greenland yenyewe, na huku kwetu kwenye tropiki yanapanda kuliko wastani. Mto Ruvuma, ulioupa mkoa wetu jina, unaishia kwenye mikoko ya Mtwara, palepale maji hayo yanapofika.