Nyumba za Wazee katika Marekani, na Jinsi Zilivyopimwa



Wana wa Kongo waliokwenda kukaa Marekani huwapasha jamaa zao habari za kazi waliyoipata. Mmoja anabeba mizigo katika ghala, mwingine anaendesha teksi, na wengine, wake kwa waume, wanasema: "Tunatunza wazee." Ndipo mama huku nyumbani anauliza: "Wazee hao hawana watoto?" Swali hilo tumelisikia barazani mara nyingi, na mara nyingi limejibiwa kwa kicheko tu. Watoto wanao. Lakini leo hatutaki kuzungumza juu ya watoto. Twataka kueleza jinsi taifa lenye fedha, lenye waganga na sheria nyingi, lilivyokawia zaidi ya miaka 50 kabla ya kujua namna ya kupambanua nyumba njema ya wazee na nyumba mbaya. Habari hiyo yatuhusu na sisi, maana hata kwetu ziko nyumba za wazee wasio na mtu, na watu wa parokia hutumwa kuzitembelea. Sisi wenyewe tulitumwa, na mbele kidogo tutasema tulivyokosea.

Zamani Mmarekani mzee asiye na kitu wala mtu alipelekwa katika nyumba ya maskini ya wilaya. Mule walikaa pamoja wazee, vipofu, wenye wazimu na walevi, na kuingia mule kulikuwa aibu kubwa. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia wazee kwa fedha. Watunga sheria hawakutaka fedha hizo zilishe nyumba za maskini, basi wakakataza kumlipa mtu ye yote anayekaa katika nyumba ya serikali. Walitenda kwa nia njema. Lakini mzee asiyeweza kujipikia wala kujiosha atakaa wapi? Watu wakafungua nyumba zao, wakawapangisha wazee vyumba na kuwauguza kwa malipo. Ndivyo zilivyozaliwa nyumba za wazee za watu binafsi, si kwa shauri la mtu, bali kwa kifungu kimoja cha sheria.

Mwaka 1954 serikali ikaanza kutoa fedha za kujenga nyumba hizo pamoja na hospitali. Kwa hiyo zikafanana na hospitali: ukumbi mrefu, vitanda viwili viwili, meza ya wauguzi katikati. Kisha mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha mipango miwili mikubwa, Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Tangu hapo fedha zikamiminika, na wafanya biashara wengi wakaona kwamba kitanda cha mzee kina faida.

Je, nani aliyezitazama nyumba hizo? Wakaguzi walikuwapo. Walipima upana wa milango, walihesabu mitungi ya kuzimia moto, walisoma orodha ya chakula iliyobandikwa ukutani. Tusiwacheke. Tarehe 9 Januari 1970, katika mji wa Marietta, jimbo la Ohio, moto ulishika katika nyumba moja ya wazee. Haikuwa kibanda, ilikuwa jengo la kisasa. Zulia likawaka, moshi wake mzito ukajaa ukumbini, na wazee zaidi ya 30 wakafa. Basi milango na mazulia ni mambo makubwa. Lakini mzee anaweza kuokoka na moto, akafa polepole kwa vidonda vya kulala upande mmoja, na mlango wake ukiwa na upana unaotakiwa.

Mwaka huohuo alitokea mtu mmoja, naye alifanya jambo ambalo wakubwa hawalifanyi. Jina lake David Pryor, mbunge wa Arkansas, umri wake miaka 35. Siku za mwisho wa juma alikwenda katika nyumba za wazee karibu na Washington, akajitolea kufanya kazi kama mtumishi wa chini, bila kusema kwamba ni mbunge. Aliona kwa macho yake jinsi watumishi walivyokuwa wachache na wazee wengi. Mwezi wa Februari 1970 alisimama bungeni, akasema aliyoyaona, akaomba kamati iundwe kwa ajili ya wazee. Wakubwa walikataa kumpa kamati, walikataa kumpa hata chumba. Pryor hakunung'unika sana. Alikodi nyumba za magurudumu, zile zinazovutwa na motokari, akaziweka katika kiwanja cha kuuzia esanse karibu na jengo la bunge. Humo vijana wa kujitolea wakafanya kazi ya kukusanya habari. Kamati yenyewe iliundwa baadaye, mwaka 1974. Pryor akawa gavana, kisha seneta kwa miaka 18, akafa mwaka 2024. Sisi tunamheshimu zaidi kwa zile siku za kufanya kazi ya mtumishi kuliko kwa vyeo vyote vilivyofuata.

Sasa twende Denver, katika jimbo la Colorado. Mwaka 1975 wagonjwa wa nyumba moja ya wazee walifanya neno lililoshangaza watu: waliishtaki serikali. Hawakusema tu kwamba wenye nyumba wanawatunza vibaya. Walisema: Serikali inalipa, serikali inapeleka wakaguzi, na wakaguzi hawatutazami sisi. Shauri lilikwenda polepole. Jaji wa kwanza alikiri kwamba hali ya nyumba zile ni mbaya, ila akasema sheria haimlazimishi waziri kufanya zaidi. Wagonjwa wakakata rufani. Mwezi wa Oktoba 1984, yaani miaka 9 baada ya kuanza, mahakama ya rufani ikaamua kwamba waziri ana wajibu wa kuhakikisha kuwa wagonjwa wanatunzwa vema kwa kweli. Haitoshi kujua kwamba nyumba ina vyombo vya kuwatunza.

Katika hukumu ile imo hesabu ambayo hatuwezi kuisahau. Karatasi ya wakaguzi ilikuwa na maswali 541. Katika hayo 541, maswali 30 tu yaligusa utunzaji wa mgonjwa, hata kwa mbali, au yalimlazimu mkaguzi amtazame mgonjwa. Mengine 511 mtu aliweza kuyajibu bila kumwona mzee hata mmoja.

Tulipoisoma hesabu hiyo tuliona haya. Maana miaka michache nyuma tulikuwa tumetumwa na parokia, sisi na wenzetu wawili, tutazame nyumba moja ya wazee ambayo hatutaitaja. Tulipeleka barua kwanza, kama adabu inavyotaka. Tukafika asubuhi. Sakafu ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, mashuka meupe, wazee wameketi kwa mstari, nao wakatuimbia wimbo. Tulizunguka vyumba vyote, tukanywa chai, tukaandika ukurasa mzima wa sifa. Majuma mawili yakapita. Siku moja baada ya Misa mtu mwenye shangazi katika nyumba ile akatuita kando. Akasema: "Mwalimu, mashuka yale yalitandikwa saa kumi na mbili asubuhi, na jioni yakarudishwa sandukuni. Shangazi yangu alilala majimaji usiku ule kama kawaida." Tuliuliza maswali mengi siku ile, juu ya paa, juu ya kisima, juu ya unga. Shangazi huyo hatukumwuliza kitu. Tulimpa mkono tu.

Turudi Marekani. Mwaka 1985 chama cha watetezi wa wazee kilifanya jambo ambalo, ukilifikiri, lilikuwa la kufanywa tangu kwanza: kiliwauliza wazee wenyewe. Katika miji 15 wazee zaidi ya 450 wakaao katika nyumba hizo walikusanyika, wakaulizwa: Matunzo mema ni nini? Wengi walitazamia jibu la dawa na waganga. Kumbe neno walilolitaja mbele ya yote lilikuwa watumishi. Je, wana tabia njema? Je, wanatosha? Kwa mzee asiyeweza kuinuka, mganga ni mtu wa kupita. Lakini yule dada wa kumwosha ni mikono yake na miguu yake. Akija na hasira, siku yote ni ya hasira. Akichelewa, mzee anajichafua, naye ni mtu mzima aliyelea watoto.

Mwaka 1986 wataalamu wa Taasisi ya Tiba walitoa taarifa yao juu ya nyumba hizo, na tarehe 22 Desemba 1987 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria mpya iliyoifuata taarifa ile. Tangu hapo mkaguzi alilazimika kuja bila kutoa habari, kuwatazama wagonjwa, na kuzungumza nao. Sheria ilisema pia kwamba mtumishi wa kuuguza afundishwe saa 75 kwa uchache. Saa 75! Kwetu kijana anayejifunza kushona nguo hukaa na fundi wake muda mrefu kuliko huo. Lakini kabla ya hapo, katika majimbo mengi, hata saa hizo hazikutakiwa.

Tunda moja la sheria ile lilionekana wazi. Zamani wazee karibu 4 katika 10 walikuwa wakifungwa kwa mikanda, kitini au kitandani, wasianguke. Watumishi hawakuwa wakatili, walikuwa wachache, na mtu aliyefungwa hahitaji kuangaliwa. Kumbe waliofungwa walipata vidonda, miguu ikasahau kutembea, na wengine walinyongwa na mikanda ile walipojaribu kushuka. Sheria ikakataza kumfunga mzee ili kupunguza kazi au kumwadhibu. Baada ya miaka 20 waliofungwa walikuwa wamepungua, kama mmoja katika 20. Jambo lililofanywa kwa kila mtu kuwa la lazima, likaonekana halikuwa la lazima.

Mwaka 2008 serikali ilianza kuzipa nyumba nyota, kutoka moja mpaka tano, kama hoteli, ili jamaa wa mzee waweze kuchagua. Nyota zilihesabiwa kwa mambo matatu: ripoti za wakaguzi, wingi wa watumishi, na hali ya wagonjwa, kwa mfano vidonda. Neno jema tena, na kasoro yake iko wazi kwa ye yote aliyewahi kuhesabu sadaka: mambo mawili kati ya hayo matatu nyumba yenyewe ndiyo iliyoyaandika. Walipoulizwa, "Mna watumishi wangapi?" walijibu walivyopenda. Tangu mwaka 2016 serikali ikataka hesabu za mishahara, maana mwenye nyumba hawezi kusema ana watumishi asiowalipa. Hesabu zilipofunuliwa, nyumba nyingi zilionekana zina watumishi pungufu kuliko walivyokuwa wakisema, na siku za Jumamosi na Jumapili pungufu zaidi.

Hesabu hizohizo zikaonyesha jambo jingine. Mwaka 2021 wataalamu watatu walieleza jinsi wauguzi wa nyumba hizo wanavyoacha kazi, kwa hesabu za mwaka 2017 na 2018. Kipimo cha wastani kilikuwa 128 kwa 100 kila mwaka. Maana yake nini? Ukiwa na kazi 100, mnamo mwaka mmoja watu 128 wametoka. Kazi nyingine imeshikwa na watu wawili, watatu, mmoja baada ya mwenzake, kabla mwaka haujaisha.

Hapo ndipo hali ya watumishi na hali ya mzee zinapokutana. Mama mzee asiyeweza kusema tena ana njia zake za kusema. Akishika sikio, kichwa kinauma. Akikataa uji asubuhi, hakulala. Mambo hayo hayakuandikwa katika karatasi yo yote, yanakaa katika kichwa cha yule aliyemwosha mwaka mzima. Akitoka, yanatoka pamoja naye. Na kwa nini anatoka? Kwa sababu mshahara ni mdogo, mgongo unauma, kapita anamgombeza mbele ya wagonjwa, zamu inabadilishwa bila kumwambia, na mwenzake asipokuja yeye anabebeshwa vyumba vyake pia. Anayebaki anachoka zaidi, naye anatoka. Wenye nyumba wengi walifikiri hayo ni mambo ya biro, hayamhusu mgonjwa. Mwezi wa Januari 2022 serikali ya Marekani ilianza kutangaza kwa kila nyumba ni watumishi wangapi wanaotoka kwa mwaka, na wangapi wanaofanya kazi siku za mwisho wa juma, na katikati ya mwaka huo mambo hayo yakaingizwa katika hesabu ya nyota. Toka 1935 mpaka 2022 ni miaka 87.

Sisi tulirudi katika nyumba ile tuliyoisifu. Safari hii hatukuandika barua. Tulifika siku ya Jumapili, saa tisa mchana, jua kali. Tulimkuta yule shangazi amelala, tukaketi karibu naye muda mrefu. Msichana mmoja aliingia na beseni, akatusalimu kwa adabu, akaanza kumgeuza mgonjwa taratibu. Tukamwuliza amefanya kazi hapa tangu lini. Akasema: "Tangu Jumanne, baba." Tukamwuliza aliyekuwapo mbele yake. Hakumjua. Alipotoka, tukamgeukia mgonjwa, tukasema: "Mama, huyu anakutunza vizuri?" Mama yule akafikiri kidogo, akajibu: "Ana mikono mizuri. Jina lake bado sijaambiwa, na huyo wa kabla yake ndiyo kwanza nilikuwa nimelijua."

Tuliandika maneno hayo juu kabisa ya karatasi yetu. Habari ya sakafu tukaiweka chini.